Pale kwa Mama Wakiuru

Nyaguthii alikuwa juu ya ngazi, akifunga tawi lililoelemewa na avokado lisije likapasuka, aliposikia pikipiki ikisimama barabarani na abiria akiuliza hapo ni wapi.

"Hapa ndio kwa Mama Wakiuru," Kipchirchir wa boda akajibu. "Si ni hapa ulisema?"

"Mimi niliambiwa penye maovokado."

"Si ni hapa hapa."

Abiria akalipa, akashika njia ya kuteremka mtoni. Nyaguthii akamaliza fundo lake, akashuka polepole kwa sababu ya magoti. Zamani alikuwa akifurahi kusikia jina lake likitajwa hivyo. Ni nani asingefurahi? Siku hizi alishtuka kila lilipotajwa, maana kwa ajili ya jina hilo alikuwa ameitwa jana afike kwa naibu chifu asubuhi hii.

Shamba halikuwa lake. Lilikuwa la Mzee Gichuki, mzee wa kanisa, mtu mpole mwenye kofia ya kijivu isiyotoka kichwani ila wakati wa maombi. Nyaguthii alikuwa amekodi ekari hiyo, na nyumba ya mabati iliyokuwa juu yake, tangu bintiye Wakiuru akiwa darasa la pili. Sasa Wakiuru alikuwa kidato cha tatu, na mkataba ulikuwa ule ule. Kila Januari Nyaguthii alikwenda nyumbani kwa Mzee, akanywa chai, akatoa kodi ya mwaka, akaambiwa, "Endelea tu, Mama Wakiuru." Hayo maneno mawili, endelea tu, ndiyo yaliyomweka hapo. Hakukuwa na mengine.

Habari ya miti ilianzia kanisani. Kulikuwa na Mchungaji Walubengo, mzaliwa wa Bokoli, kabla hajahamishiwa Bungoma. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na viatu vilivyochoka, ambaye l nyingi aligeuza r, na alifundisha wiki nzima kuhusu kuona mbali. "Mnaimba uzima wa milele," alisema, "rakini mnaishi kama watu wa mwisho wa mwezi. Ukipata reo unakura reo. Sasa mtu anayengoja milele anashindwaje kungoja mti?" Akawasimulia habari za wale mateka waliopelekwa Babeli, jinsi Mungu alivyowaambia wajenge nyumba na wapande bustani huko huko ugenini, kwa sababu watakaa sana. Watu wakasema amina. Hakuna aliyeuliza mashamba ya Babeli yalikuwa ya nani.

Siku ya mwisho kila mtu akapewa mche mmoja wa avokado. Mingi ililiwa na mbuzi kabla ya wiki kuisha. Nyaguthii alipanda wake, kisha akawa kila akiuza vitunguu Kitale anarudi na mche mwingine kwenye beseni, mpaka ikatimia kumi na miwili. Mmoja ukakauka. Mchungaji alipokuja kuaga na kuambiwa imebaki kumi na mmoja, alicheka akauliza huo wa Yuda ulikuwa wapi.

Majirani nao walicheka, ila kwa namna nyingine. Mpangaji gani anapanda kitu cha kuvuna baada ya miaka minne? Nyaguthii alikuwa na mahesabu yake kichwani, na mahesabu yenyewe yalikuwa ya magoti. Magoti yalikuwa yanakwisha kabla yake, na siku angeshindwa kuinama kupalilia vitunguu hakuna mtu wala serikali ambayo ingemletea unga. Mti hauinamiwi. Mwanamke mzee anaweza kukaa chini ya mti wake akiwa na fimbo ndefu, akala. Hiyo ndiyo pensheni aliyoipanda. Na Mzee Gichuki alipita akamwona akichimba mashimo, akasimama, akasema, "Vizuri. Mti ni baraka."

Mwaka jana avokado zilikuwa za kuonja tu. Mwaka huu ilibidi matawi yaegemezwe, na broka kutoka Kitale alikuwa ameahidi kuja kununua baada ya wiki tatu.

Kilichoharibu mambo ni boda. Mtoto wa Mzee, Kim, mwenye duka la spea za pikipiki mjini Kitale, aliacha gari lake kwa fundi siku moja akaamua kupanda boda kwenda kwa baba yake. Akamwambia dereva wa boda ampeleke shambani kwa Mzee Gichuki, barabara ya Saboti. Yule hakupajua. Akamwita mwenzake, naye hakupajua. Wa tatu alimsikiliza Kim akieleza kona na daraja, kisha akapiga paji la uso. "Aaa, kwa Mama Wakiuru! Si ungesema, boss." Kim alifika nyumbani kwao amekunja uso, na tangu siku hiyo hakulala.

*

Ofisi ya naibu chifu ilikuwa chumba kimoja chenye benchi nje. Naibu mwenyewe, Bwana Kimaiyo, alifika amechelewa, akaongea na simu kwa muda mrefu akiwa amesimama mlangoni, kisha akawaita ndani. Kim aliketi karibu na meza. Mzee Gichuki aliketi nyuma yake, kofia mkononi kana kwamba wako kwenye maombi.

"Naibu, mimi sina ubaya na huyu mathe," Kim alianza. "Ni mtu wa kanisa, tunaheshimiana. Lakini hata kwa desturi yetu, muhoi hapandi miti. Muhoi analima mahindi, anavuna, anaenda. Akipanda mti anataka kitu ingine."

Neno hilo Nyaguthii hakuwa amelisikia tangu utotoni kwa nyanya yake. Muhoi ni mtu aliyeomba kulima shamba la mwenzake, na anakaa hapo kwa hisani, si kwa haki. Lakini kwa Kikuyu kuomba shamba na kumwomba Mungu ni neno moja, na muhoi ni huyo huyo pia anayepiga magoti kanisani. Alimtazama Mzee Gichuki, ambaye kila Jumapili aliwaita wote hivyo, wahoi mbele za Bwana, naye akiwamo. Mzee alikuwa anatazama kofia.

"Mzee aliniona nikipanda," Nyaguthii akasema. "Alisema mti ni baraka."

"Nilisema," Mzee akakubali. "Lakini sikusema ni yako."

"Na sasa watu wote wanaita shamba yetu kwa jina yake," Kim akasema. "Kesho akienda kortini, hao maboda wote ni mashahidi. Mimi naona mbali, naibu."

Nyaguthii karibu acheke. Hata Kim sasa anaona mbali.

"Sina mpango wa korti," akasema. "Sina hata nauli ya korti. Nataka kuvuna nilichopanda."

Kimaiyo alifungua dirisha, akalifunga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetaka mambo yaishe kabla ya chakula. "Sikiza, Mama Wakiuru. Hapa kuna njia mbili, na zote ni za amani. Ukate hiyo miti, uendelee kukaa kwa hiyo shamba kama kawaida, hakuna mtu atakusumbua. Ama uiache miti kama ilivyo, uhame mwisho wa mwezi. Mzee, si ni hivyo?"

Mzee akatikisa kichwa kukubali.

"Na nikivuna kwanza? Ni wiki tatu tu. Broka amekubali kuja."

"Ukivuna ni kama tumekubali ni yako," Kim akadakia.

"Sasa nikihama, hizo avokado zitavunwa na nani?"

Naibu alitazama simu yake. Kim alisema yeye kesho lazima awe dukani, kwa hiyo lingekuwa jambo la maana mama aamue leo.

"Basi nitapitia hapo jioni," naibu akasema, na akasimama, nao wote wakasimama.

Nje, Kim aliagana na Nyaguthii vizuri tu, kwa mikono miwili. Alikuwa ametulia. Alijua, na eneo zima lilijua, kwamba huyu ni mwanamke aliyekuwa akibeba maji ya kunyunyizia ile miche kwa mtungi wakati wa kiangazi huku vitunguu vyake vikinyauka. Mtu kama huyo hawezi kukata. Atalia kidogo, atafunga vyombo, ataacha miti.

*

Alimpigia simu Mchungaji Walubengo akiwa njiani, chini ya ukuta wa kinu cha kusaga. Huko Bungoma kulisikika watoto wakifanya mazoezi ya kwaya.

"Mama Wakiuru! Bwana asifiwe. Wale wanafunzi kumi na mmoja wanaendereaje?"

Akamweleza yote. Upande wa pili kwaya ikaendelea, kisha mlango ukafungwa na kwaya haikusikika tena.

"Mama, nikuambie ukweri," akasema. "Mimi hii ni kanisa yangu ya tano. Nyumba ni ya kanisa, hata kitanda ni ya kanisa. Kila mahali nimepanda mti. Hapa Bungoma nilipanda, wakakata wakaweka maegesho, na sina gari. Nilipowafundisha nyinyi, sikufikiria nani yuko na shamba na nani amekodi. Niriwaona kama watu tu, waumini. Hapo nirikosea."

"Hukukosea, Mchungaji. Neno lilikuwa la kweli."

"Neno ni kweri. Rakini kumwambia mtu wa mkataba wa mwaka mmoja aone miaka hamsini, halafu nimwache hapo, nende..." Hakumaliza. "Unataka nikuombee?"

"Niombee. Lakini pia uniambie nifanye nini."

"Hiyo sijui, mama."

Alimpenda kwa kusema hajui. Walisali pamoja kwenye simu mpaka salio lilipokwisha katikati ya sentensi, na Nyaguthii akaimalizia mwenyewe.

Alikuwa anakaribia nyumbani simu ilipolia. Alikuwa broka.

"Mama Wakiuru, shikamoo. Nilikuwa nataka tu kuconfirm. Kuna kijana anaitwa Kim, amenipigia tangu juzi, anasema hiyo mzigo nitamlipa yeye. Mko pamoja?"

Nyaguthii alisimama. Pale aliposimama, kwenye kona, aliiona miti yote kumi na mmoja, myeusi kwa majani.

"Ulisema amekupigia lini?"

"Juzi. Jumatatu."

Naye aliitwa kwa naibu jana, Jumanne. Kwa hiyo hapakuwa na njia mbili. Kulikuwa na njia moja, na walishaifyeka kabla ya kumwita.

"Hatuko pamoja," akamwambia broka. "Lakini usijisumbue kuja."

*

Wakiuru alikuwa likizo. Alikuwa amepika githeri na kumfunikia mama yake sahani, akasikiliza habari yote akiwa amekaa kizingitini.

"Sasa tunahama?" akauliza.

"Tutahamia wapi?"

"Si hata pengine tutakodi. Mum, hiyo miti si uiache tu. Bora iishi." Macho yake yalianza kulowa, kwa kuwa naye alikuwa amebeba ule mtungi. "Hii ni kama ile ya Solomoni. Wale wamama wawili na mtoto. Yule mama wa ukweli alisema apewe mwenzake, mtoto asikatwe."

Nyaguthii alikula vijiko viwili vitatu kabla ya kujibu. Alikuwa ameifikiria hadithi hiyo tangu ofisini.

"Yule mama aliachilia mtoto mbele ya Solomoni," akasema. "Na Solomoni akamrudishia. Hiyo ndiyo hadithi. Sasa mimi nikiachilia mbele ya Kimaiyo, nani atanirudishia?"

Wakiuru akafuta macho kwa kiganja.

"Tukihama tutaenda kwa mwenye shamba mwingine, na hapo nitaogopa kupanda hata kitunguu. Nitakuwa mtu wa mwisho wa mwezi mpaka nife." Akaweka sahani chini. "Halafu kuna jambo lingine. Mtoto ukimkata hachipui. Niletee msumeno."

Alianza na ule wa karibu na nyumba, ule aliopewa kanisani. Hakuukata chini kabisa. Aliukata usawa wa goti, mkato wa mshazari ili maji ya mvua yasisimame juu yake, kama alivyoona wakifanya watu wa Suam kwa miti iliyozeeka. Yale majani yote, na zile avokado zote, vikashuka kwa kishindo kimoja, na Nyaguthii akakaa chini palepale akalia kwa sauti, mdomo wazi, kama msibani. Wakiuru alijaribu kumshika bega. Alipomaliza kulia alijifuta kwa leso, akanyanyuka kwa kushika kisiki, akaenda kwa mti wa pili. Kwa mti wa pili hakulia. Walivutana msumeno, mmoja huku mwingine kule, na jioni ilipoingia shamba lilikuwa limefunguka, ungeweza kuona mlima wote mpaka juu.

*

Naibu alikuja kama alivyoahidi, na Kim na Mzee pamoja naye. Kim alitangulia, akafika kwenye kona, akasimama kama mtu aliyekosea njia.

"Mathe, umefanya nini?"

"Nimechagua," Nyaguthii akasema. Alikuwa ameinama juu ya debe, akikoroga chokaa kwa kijiti. "Si mlisema njia mbili?"

"Lakini hizi zilikuwa zimebakisha wiki tatu! Hiyo ni hasara ya... Naibu, si unaona? Hii ni roho mbaya."

Kimaiyo alitazama rundo la matawi, akamtazama Kim, na pengine hapo ndipo alipoelewa alikuwa ametumwa kazi gani. Lakini alikuwa mtumishi wa serikali, na maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemfunga. "Tulisema akikata anakaa," akasema. "Amekata. Atakaa. Hiyo imeisha." Kisha akainama, akaokota avokado moja, akaibonyeza. "Hizi haziwezi kuiva kweli?"

"Zikiiva zitakuwa kama raba," Nyaguthii akasema. "Lakini jaribu kuziweka ndani ya unga."

Naibu akaokota nne akazitia ndani ya kofia yake ya pikipiki, akawasha, akaenda.

Kim alitembea mpaka barabarani, akarudi, akatembea tena. Mzee Gichuki alibaki. Alizunguka kisiki kimoja, akagusa mkato kwa kidole, akaona weupe wa chokaa ambayo Nyaguthii alikuwa ameanza kuipaka.

"Chokaa ni ya nini?"

"Jua lisichome kisiki."

"Kisiki kilichokufa kinachomwa nini?"

Nyaguthii aliendelea kupaka, akijua kwamba mwenye shamba alikuwa amesimama juu yake na neno moja lake lingetosha kuwaleta vijana wenye sururu kesho asubuhi. Miti ikichipua, itachukua miaka mitatu kuzaa, na magoti hayangoji. Na ikizaa, naye Kim atakuwa bado yupo, Kimaiyo mwingine atakuwa ofisini, na mkataba utakuwa ule wa chai ya Januari. Yote hayo aliyajua. Alipaka hata hivyo, na alimkasirikia Mzee kuliko alivyomkasirikia Kim, kwa sababu Kim hakuwahi kumwambia mti ni baraka.

Mzee alitazama barabarani alikokuwa mwanawe. Akavaa kofia. Akasema kwa sauti ya chini, isiyofika mbali:

"Endelea tu, Mama Wakiuru."

Kisha akashika njia ya nyumbani, ambayo kwa miguu yake haikuwa mbali.

Kim alikuwa amepata namba ya boda mmoja wa Kitale, maana gari bado lilikuwa kwa fundi. Giza lilikuwa linakuja na hakutaka kumfuata baba yake nyumbani.

"Niaje. Kuja unichukue, barabara ya Saboti," alisema kwenye simu. "Kwa Mzee Gichuki... Gichuki. Kuna kona hapa, kuna daraja... Zii, si hiyo daraja."

Alisikiliza. Akageuka, akatazama shamba, visiki vyake na rundo la majani. Nyaguthii na Wakiuru walikuwa wameacha kupaka, wanamtazama.

"Ile ingine," Kim akasema. Akakohoa. Akawapa mgongo. "Ile ingine, bana. Pale kwa Mama Wakiuru."

"Aaa, sawa," sauti ya boda ikasikika wazi kwenye simu. "Si ungesema."

Nyaguthii akachovya brashi kwenye chokaa, akahamia kisiki kilichofuata.